Jiko la Ukerewe halimo kwenye fomu

Katika kikao cha mtaa mmoja huku Nyakato, Mwanza, afisa aliyekuja kuhamasisha nishati safi alipita kiti kwa kiti na karatasi yake, akiuliza kila kaya swali lilelile. Akajibiwa mkaa, mkaa, gesi, mkaa. Mama mmoja akasema umeme, watu wakageuka kumtazama. Zamu ikamfikia mzee aliyekaa karibu na mlango. "Shikamoo, mzee wangu. Jiko lenu nyumbani ni la aina gani?" "Marahaba. La kwangu nililitoa Ukerewe mwaka themanini na mbili, na mpaka leo halijanipa tabu." Kikao kizima kikaangua kicheko. Afisa naye akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika kitu na kusogea kwa mwingine. Siku ile zilitolewa hotuba tatu. Nimezisahau zote, ila jibu la mzee ninalo, maana katika ukumbi ule ni yeye peke yake aliyelisikia swali lote.

Turudi nyuma kidogo. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Siku chache baadaye alikuwa Paris, akiwa mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa kimataifa kuhusu suala hilohilo barani Afrika. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilikuwa zimeshaagizwa kuachana na kuni na mkaa, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaingia vijijini na mitungi ya kilo 6 na majiko banifu kwa bei ya ruzuku. Lengo silipingi. Aliyewahi kulala chumba kimoja na jiko la kuni msimu wa mvua hahitaji daktari wa Bugando amweleze moshi unafanya nini kifuani. Ninachopinga ni maelezo tunayopeana pale mtungi unapofika nyumbani na mkaa usiondoke. Mtungi unawekwa sebuleni, unavishwa kitambaa cha kufuma, unachemsha chai ya asubuhi na kukaanga mayai ya mgeni. Maharage yanaendelea kutokota nje kwenye mkaa. Wahamasishaji wanasema ni mazoea. Wakosoaji wanasema ni bei. Kwa maoni yangu wote wawili wanazungumzia jiko moja kati ya manne. Mkakati unahesabu chombo, ilhali nyumba inapoamua ipikie nini inaamua pia kuhusu mahali, kuhusu fedha ya nani, na kuhusu mwanamke, na yote hayo Kiswahili kimeyatia ndani ya neno lilelile.

Jiko ni chombo: la mkaa, la gesi, la mchina la mafuta ya taa. Jiko ni mahali, ndiyo maana tunasema jikoni hata pale ambapo hakuna chumba, ni kona tu ya korido yenye ndoo na beseni. Jiko ni mke: kijana akioa tunampongeza kwa kupata jiko, na akichelewa shangazi zake humuuliza atakula kwa mama ntilie mpaka lini. Na jiko ni ndani kabisa, palipo na siri: muswada ukiwa unaandaliwa tunasema uko jikoni, na mtu anayejua uteuzi kabla haujatangazwa tunasema yumo jikoni. Neno lenyewe ni la kale kuliko Kiswahili. Wakikuyu wana riko, Wanyarwanda wana iziko, na kule kusini kabisa mwa bara Waxhosa nao wanasema iziko, neno ambalo makumbusho ya Cape Town yamelichukua kuwa jina lao. Mtu aliyelala Kigali akaamka kwenye kijiji cha Waxhosa ataelewa lugha kwa shida, lakini akiulizia moto wa kupikia huenda akaonyeshwa.

Kuzunguka ziwa hili la Victoria mambo ni mazito zaidi. Kabla ya bati na udongo wa kuchoma, jiko lilikuwa mafiga, mawe matatu, na Mwanza mawe hatujawahi kupungukiwa. Methali inasema jifya moja haliinjiki chungu. CCM wakaichukua picha hiyo wakaombea kura za mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani. Ng'ambo ya ziwa, Buganda, jiwe hilohilo linaitwa essiga, wingi wake amasiga, na ndilo jina la tawi la ukoo: ukoo hugawanyika katika amasiga, amasiga katika emituba, ikiteremka hivyo hadi nyumba moja moja. Muganda anapojieleza ukoo wake anataja, kwa maneno mengine, yeye ni wa figa gani. Upande wa mashariki, Wajaluo wa Rorya wana kendo, neno ambalo ni mahali pa moto wa kupikia na ni kuoa pia. Mzee wa Nyakato, kwa hiyo, hakubuni mzaha. Alirudia jambo ambalo angalau lugha mbili za pwani hii, zisizo na undugu wowote wa asili, zimelisema kila moja kivyake. Wasukuma nao waliuweka moto mwingine, shikome, wa kuota jioni, ambapo wazee walizungumza na kuwafunda vijana. Nadhani ilibidi. Moto wa kupikia ulikuwa na mwenyewe.

Mtu asidhani huu ni uzito wa Kiafrika tu. Kilatini kiliita mahali pa moto focus. Humo Wafaransa wakapata feu, yaani moto, na foyer, ambalo ni meko, ni familia, na ni ukumbi wa kungojea kwenye jumba la maonyesho. Mama wa nyumbani wanamwita mwanamke wa foyer. Mwaka 1604 Johannes Kepler alilichukua neno hilohilo la Kilatini akalipeleka kwenye hisabati ya mwanga, aipe jina nukta ambamo miale hukusanyika, na ndiyo fokasi anayoirekebisha mpiga picha wa pasipoti pale Makoroboi bila kujua kwamba ameshika jiko. Waturuki wanasema ocak: ni jiko, ni ukoo, ni machimbo, ni tawi la chama, na tangu 1945 ni jina rasmi la mwezi Januari. Ukoo ukikosa mrithi, wanasema ocak yao imezimika.

Kinachonigusa zaidi ni yaliyotokea serikali za huko zilipoanza kuhesabu. Uingereza, kati ya 1662 na 1689, ilitoza kodi ya meko, shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko, na wakaguzi wakawa wanaingia mpaka ndani kuhakiki. Watu wakajibu kwa kuyaziba. Ufaransa ilihesabu feu kwa karne nyingi kwa ajili ya kodi, na kadiri miaka ilivyokwenda feu la kwenye daftari halikuwa tena nyumba wala moto; lilibaki kipimo cha makarani cha kugawana mzigo. Sisi hatutozi, tunahesabu ili tusaidie, na hiyo ni tofauti kubwa. Lakini daftari ni daftari. Likiuliza kama una jiko la gesi, mtungi uliovishwa kitambaa utajibu ndiyo, na kaya hiyo itaingia kwenye asilimia huku sufuria la maharage likiwa nje.

Sasa hoja ya bei. Ndiyo nzito kuliko zote, na naikubali zaidi ya nusu. Mkaa unauzwa kwa kopo, kwa fungu, kwa kisado. Gesi inauzwa kwa mtungi mzima, na mwenye shilingi elfu mbili mfukoni hawezi kununua mtungi wa elfu mbili. Hilo halibishaniwi. Ila wanaoishia hapo wanaichukulia nyumba kana kwamba ina mfuko mmoja, na mimi sijaiona nyumba ya namna hiyo tangu Buhongwa mpaka Igoma. Asubuhi mwenye kipato anaacha hela ya matumizi. Humo kuna unga, dagaa, nyanya na mkaa. Hakuna anayeuliza mkaa ni shilingi ngapi kwa mwezi, maana mkaa hauna mwezi, una leo. Mama akibana, akaunguza vipande vya maboksi, akapika mboga kwa makaa yaliyobaki ya ugali, kilichookolewa ni chake, huenda ndicho kinacholipia kikoba cha Ijumaa. Gesi haitaki leo. Inataka fedha ya mkupuo, na fedha ya mkupuo ina mwenyewe mwingine mwenye orodha yake: kodi ya chumba, ada, mchango wa harusi ya binamu. Ghafla jiko lililojiendesha lenyewe miaka yote linabisha hodi likidai kama mwenye nyumba.

Hapo ndipo ile maana ya tatu inapofanya kazi yake kimyakimya. Kama jiko ni mke, basi gharama ya jiko imo ndani ya mke: saa zake za kupuliza, macho yake, mgongo wake katika safari ya kuni kule Misungwi au Magu. Gharama hiyo haikuwahi kuandikwa mahali popote. Kuni zikaonekana ni za bure na mkaa ukaonekana rahisi, na gesi ikawa nishati ya kwanza kuleta risiti mezani. Mwanamume anayesema gesi ni ghali hadanganyi. Analinganisha bei ya mtungi na sifuri aliyoizoea, na ile sifuri ndiyo yenye makosa.

Msomaji wa visiwa vya humu ziwani atanikatiza hapa, na ana haki. Katika kambi za wavuvi mpishi mara nyingi ni mwanamume, analipwa, na hakuna anayemwita jiko. Huko kuni hutumika kwa sababu ndizo zilizopo na mtungi unapaswa kuvushwa kwa mtumbwi. Sawa; kambini hoja ya bei na usafiri inasimama peke yake. Lakini watu wa Mwanza walio wengi hawaishi kambini, na ni majumbani mtungi unakofika kisha usitumike.

Hoja dhaifu ni ile ya mazoea, na bahati mbaya ndiyo inayopendwa kwenye majukwaa. Tunaambiwa Msukuma amezoea moshi, ugali wa gesi hauna ladha, bibi hawezi kuacha mafiga, kwa hiyo kinachotakiwa ni elimu, elimu, elimu. Tazama historia ya jiko lenyewe. Jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile lililosambaa kutokea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, muundo wake ulichotwa kwenye jiko la ndoo la Thailand. Akina mama wa huku walilichukua bila kuuliza kabila lake. Likaja la mchina, na nyumba za kupanga zikanuka mafuta ya taa kutoka Mabatini hadi Kirumba. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na jiko la mchina likaanza kutoweka barazani. Hakuna semina iliyofanyika. Hakuna aliyelilia mila ya utambi. Watu waliobadili jiko mara tatu ndani ya maisha ya mtu mmoja hawawezi kuwa ndio haohao wanaoshindwa kubadili kwa sababu ya mazoea. Na hiyo ladha, mimi samaki wa kubanika nampenda kwa moshi wake kama mtu mwingine yeyote, lakini sijawahi kumwona mtu akirudisha kikombe cha chai kwa kuwa kimechemshwa kwa gesi.

Ukiingia jikoni, badala ya kuongea na anayejibu mlangoni, unachokiona ni hesabu. Dagaa wa kukaanga ni dakika chache: gesi. Chai: gesi. Uji wa mtoto usiku: gesi, na hapo mama anaibariki serikali kwa moyo wote. Maharage, makande, ugali wa udaga wa watu kumi, viazi vya matobolwa vya kuchemsha kabla ya kuanika: mkaa, au kuni. Nyumba imeshagawa kazi kwa kila chungu, kwa akili kuliko fomu inayotaka jibu moja kwa kaya nzima. Inachekesha kidogo kwamba sisi wenyewe, tukitaka kueleza kaya ni nini, tunasema ni watu wanaokula chungu kimoja. Chungu tumekipa heshima ya kupima undugu, tukakinyima nafasi kwenye takwimu za nishati.

Wapo wanaoona dawa ni kurekebisha lugha: fomu iandike "kifaa cha kupikia" na jiko liachwe mitaani na utani wake. Itasaidia karani, sikatai. Haitasaidia jikoni. Neno halikuleta mpangilio huu wa nani anapuliza na nani analipa. Limeurekodi tu, na ukilifuta unafuta rekodi.

Kinachofuata kutokana na haya si kidogo. Kwanza ni namna ya kuuliza. Swali la una jiko gani lingekaa pembeni, tuulize chakula cha jana usiku kilipikwa kwa nini, na cha jana mchana, na maharage ya mwisho yalichemkia wapi. Majibu yatashusha asilimia, na hakuna kiongozi anayependa asilimia ishuke wakati wake. Ndiyo sababu nadhani swali hilo litachelewa. La pili ni namna ya kuuza. Mita za kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu zimeshatumika nchini, na umuhimu wake ni mkubwa kuliko unafuu: zinairudisha nishati ndani ya hela ya matumizi, mikononi mwa yule anayepika, badala ya kumlazimisha aombe. Ruzuku ya mtungi wa kwanza haifanyi hivyo. Inampa baba zawadi ya kupeleka nyumbani, na baada ya wiki kadhaa inamwachia mama ombi la kupeleka kwa baba. Kama kuna senti moja ya ruzuku iliyobaki, ningeiweka kwenye kujaza, wala nisingeiweka kwenye mtungi mpya.

La tatu ni mahali, na hapa wapangaji wa mkakati wangefaidika kupanda kilima. Nyumba za Mabatini na Igogo zimebebwa na majabali. Bodaboda inaishia chini, na mtungi unapanda begani kwa ngazi za mawe. Ukifika juu, chumba ni kimoja, kina kitanda, watoto watatu na dirisha dogo, na mama hataki kuwasha gesi pale wanapolala, hofu ambayo mhamasishaji akiita ujinga atakuwa amemkosea adabu. Mkaa unakaa nje barazani. Gesi haina baraza, maana itaibiwa. Kwa kaya hiyo swali la jiko ni swali la chumba, na hakuna wizara ya nishati inayojenga vyumba. Huko ndiko umeme wa jiko la presha, lile la kufunga kifuniko na kuondoka, ungefika haraka kuliko mtungi, kama luku isingekuwa ya kuchangia na wapangaji wengine sita wanaotazamana kila uniti zinapokwisha.

Na kuna jiko ambalo halijaguswa kabisa na neno "kupikia". Nenda mwaloni Kirumba, wanakoshusha samaki, au mwalo wowote wa Sengerema, uangalie wanawake wanaobanika samaki. Mwanamke yule anavuta moshi mwingi kuliko mama yeyote wa nyumbani, kutwa nzima, kwa kuni, na hicho anachofanya ni biashara. Ukimuuliza anatumia nini jikoni, atakujibu gesi, na atakuwa anasema kweli: nyumbani ana mtungi. Fomu itamwandika miongoni mwa waliokwisha kuokoka, akiwa amesimama ndani ya wingu.

Wiki mbili zilizopita nilialikwa kusindikiza watu kwenye kicheni pati Pasiansi. Zawadi kubwa ya siku ilikuwa jiko la gesi la sahani nne, na mtungi wake uliofungwa utepe mwekundu, na wanawake wakalizunguka wakipiga vigelegele. Somo akamkalisha binti, akamfunda kwa saa nzima: namna ya kuongea na mume akiwa amechoka, namna ya kupokea wakwe, mafuta ya samaki yasizidi, chumvi ije mwisho. Alikuwa mwalimu mzuri. Nilisubiri afike kwenye mtungi wa pili, nani ataujaza na kwa fedha ya mfuko gani, lakini MC akawasha muziki na chakula kikaanza kuletwa kutoka nyuma ya ukumbi, kilikopikwa kwa kuni.